Baba alitia sahihi kwenye mstari wa shahidi: je, wosia wake unasimama?

SWALI

Kwako Wakili,

Natumai u mzima. Sisi ni watoto watatu wa mzee mmoja wa Wundanyi, kaunti ya Taita Taveta: kaka yangu mkubwa, mimi, na mdogo wetu wa kiume. Mama alitangulia miaka mingi iliyopita na baba hakuoa tena. Baba alifariki mwaka jana akiwa na umri wa miaka 81, na akili zake zilikuwa timamu hadi mwisho.

Mwaka mmoja kabla ya kufariki, baba aliniita akanitamkia namna alivyotaka mali yake igawanywe. Niliandika kwa mkono, kisha nikayapeleka maandishi hayo saiba mjini Voi yakapigwa chapa, yakatoka kurasa tatu. Shamba la Wundanyi pamoja na nyumba iliyomo alimwachia kaka. Ploti ya Voi yenye vyumba vya kupangisha aliniachia mimi. Ng'ombe na fedha zilizoko benki alimwachia mdogo wetu. Mtekelezaji wa wosia alimteua mzee wa kanisa letu, ambaye ni rafiki yake wa tangu ujana.

Kijana wa saiba alikuwa ameandika juu ya ukurasa wa kwanza kwamba wosia umetiwa sahihi Voi, kwa sababu tulipanga kwenda mjini, lakini siku ilipofika mvua ilinyesha na baba hakutaka kushuka mlima, hivyo shughuli ikafanyika sebuleni kwake. Mwishoni mwa ukurasa wa tatu palikuwa na mistari mitatu ya nukta: wa kwanza wa mtoa wosia, wa pili wa shahidi wa kwanza, wa tatu wa shahidi wa pili. Miwani ya baba ilikuwa imevunjika mkono mmoja, akawa anaishikilia kwa kidole huku akiandika, na sahihi yake ikaangukia mstari wa pili. Mzee wa kanisa, ambaye alikuwa ameketi naye mezani akimwona, alipopewa karatasi akakuta mstari wa juu uko wazi, akaujaza. Mume wangu wakati huo alikuwa uani akitia maji kwenye rejeta ya gari. Alipoitwa, baba alimwonyesha sahihi yake akamwambia, "Hii ni yangu, na huu ndio wosia wangu, nawe weka yako hapo chini." Akaiweka pale pale mezani, baba akimtazama. Hakuna aliyetambua kosa la mistari mpaka baada ya mazishi.

Sasa kaka anasema wosia ni batili kwa kuwa umetiwa sahihi mahali pasipostahili mara mbili: baba alitia kwenye mstari wa shahidi, na karatasi inataja Voi ilhali ilisainiwa Wundanyi. Anaongeza kwamba hauna muhuri wa chifu wala wa wakili. Anataka mali yote igawanywe sawa kwa watatu kana kwamba baba hakuacha neno, na tayari ameanza kukusanya kodi ya vyumba vya Voi. Mzee wa kanisa, kwa nia njema, amejitolea kuja kutia sahihi upya kwenye mstari wake ili karatasi ikae sawa. Je, tukubali? Na je, wosia wa baba unasimama?

Dada wa Wundanyi

JIBU

Dada, pole kwa kufiwa na mzee. Nitakujibu kwanza ulichouliza, kisha nitakueleza jambo ambalo hukuliuliza, na ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Jambo lenyewe limejificha katika barua yako pale mume wako alipoitwa kutoka uani.

Wosia unaotolewa Kenya na mtu asiye Mwislamu unaongozwa na Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika Julai 1981. (Mali ya Mwislamu hufuata sheria ya Kiislamu, ambayo ina masharti yake kuhusu wosia, kwa hiyo msomaji wa imani hiyo asiyachukue haya kuwa yanamhusu.) Kifungu cha 11 kinataka mambo matatu: mtoa wosia atie sahihi au alama yake, au mwingine amtilie mbele yake na kwa maagizo yake, sahihi hiyo iwe imewekwa kwa namna inayoonyesha kwamba ilikusudiwa kuyapa maandishi hayo nguvu ya wosia, na wawepo mashahidi wawili au zaidi. Hilo la pili ndilo jibu la swali lako. Sheria haikusema sahihi iwe chini, juu, kulia au kwenye mstari wenye jina fulani. Imeuliza nia, na mahali ilipowekwa sahihi ni ushahidi mmojawapo tu wa nia hiyo. Ile mistari ya nukta ilichorwa na kijana wa saiba, Bunge halikuichora.

Kaka yako hakulizua wazo lake, hata hivyo. Sheria ya Wosia ya Uingereza ya mwaka 1837 ilitaka sahihi iwe chini au mwishoni mwa wosia, na mahakama za huko zikalishika neno hilo kwa ukali kiasi cha kukataa wosia za watu waliokuwa na akili timamu na mashahidi kamili, kisa sahihi haikukaa walipotaka. Mwaka 1852 Bunge lao likalazimika kutunga sheria nyingine ya kulegeza, ikieleza kwa maneno mengi kwamba sahihi inaweza kuwa baada ya mwisho, chini yake, kando yake au mkabala nao. Tangu mabadiliko ya mwaka 1982 Waingereza nao wanauliza nia, kama sisi. Maneno ya kifungu chetu yanafanana karibu neno kwa neno na kifungu cha 63 cha Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1925, kwa hiyo Kenya haikuwahi kuandika sharti la "mwishoni" katika sheria yake ya sasa. Anayemwambia kaka yako kwamba sahihi lazima iwe mahali fulani pa karatasi anarudia sheria ya nchi nyingine iliyokwisha kubadilishwa.

Hukumu za Uingereza hazitufungi, lakini mahakimu wetu huzisoma kwa heshima, na mbili zinafaa hapa. Ya kwanza ni ya mzee Percy Winterbone, aliyeandika kwa mkono juu ya karatasi kwamba huo ni wosia wake, akataja jina lake, kisha akaendelea kugawa mali bila kutia sahihi nyingine chini. Mahakama ya Rufani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilikubali kwamba jina lile la juu lilitosha kuwa sahihi kwa kuwa aliandika yote kwa mfululizo mmoja, ingawa wosia wenyewe ulianguka kwa sababu nyingine, yaani hali ya akili yake. Ya pili ni kali zaidi. Mzee Rawlings na mkewe walitayarishiwa wosia mbili zilizofanana, na mwaka 1999 wakili wao akawapa karatasi zilizopishana, mume akatia sahihi wosia wa mke na mke akatia wa mume. Mke alifariki mwaka 2003 bila mtu kugundua. Kosa lilionekana mume alipofariki mwaka 2006. Watoto wao wa kuzaa, ambao hawakuachiwa kitu, walishinda katika mahakama mbili, lakini Mahakama ya Juu mwaka 2014 iliurekebisha wosia na mali ikamwendea Terry Marley, ambaye wazee wale walimchukulia kama mwanao. Mzee Rawlings alikosea karatasi nzima. Baba yako alikosea mstari katika karatasi iliyo yake kweli.

Kwa hiyo karatasi ya mzee itasomwaje? Ukurasa wa kwanza unasema ni wosia wa nani. Ukurasa wa tatu una sahihi tatu, na moja ni ya mtu yule yule anayetajwa kuwa ndiye mtoa wosia. Hakuna maana nyingine ya busara ya sahihi hiyo, kwa sababu mtu hawezi kuwa shahidi wa wosia wake mwenyewe. Mtakachohitaji ni hati za kiapo za mzee wa kanisa na mume wako zikieleza kwa ukweli nani aliketi wapi, nani alianza, na kwa nini mistari ilipishana; pamoja na nyaraka zenye sahihi ya baba zisizo na ubishi, kama zile za benki, ili hakimu alinganishe. Ile miwani iliyovunjika mkono itajwe pia. Ni jambo dogo, lakini linaeleza kosa kuliko hoja ya wakili.

Kuhusu mashahidi, sheria inataka kila mmoja awe amemwona mtoa wosia akitia sahihi, au amesikia kutoka kwake mwenyewe kwamba sahihi ile ni yake, kisha shahidi atie yake mbele ya mtoa wosia. Mzee wa kanisa aliona. Mume wako hakuona, lakini baba alimwonyesha na kukiri kwa kinywa chake, na hilo linatosha. Uingereza ingetaka mashahidi wote wawili wawe pamoja wakati mtoa wosia anapotia au kukiri sahihi; kifungu chetu kinasema wazi kwamba si lazima zaidi ya shahidi mmoja awepo kwa wakati mmoja. Mzee wa kanisa kuwa mtekelezaji hakumzuii kuthibitisha wosia mbele ya mahakama.

Suala la Voi na Wundanyi halinichukui muda. Kifungu cha 11 hakidai wosia utaje mji, na kifungu cha 16 kinakwenda mbali zaidi, kwa kuwa kinaukubali hata wosia uliotiwa sahihi nje ya Kenya ukiwa umefuata sheria ya nchi uliposainiwa, au ya nchi iliko mali, au ya makazi ya kudumu ya mtoa wosia, au ya uraia wake. Ikiwa Mkenya anaweza kusainia wosia wake Muscat ukasimama nyumbani, mzee wa Wundanyi hazuiwi kusainia sebuleni kwake. Angalizo langu ni moja: msidai katika kiapo kwamba mlikuwa Voi ili mfanane na karatasi. Semeni mvua ilinyesha. Muhuri wa chifu hautakiwi na sheria, na wa wakili vilevile, ingawa nakiri kwamba wakili angewaepusha na nusu ya matatizo haya.

Sasa lile la mzee wa kanisa kutia sahihi upya. Msikubali, hata kwa nia njema kiasi gani. Shahidi hutia sahihi mbele ya mtoa wosia, na mtoa wosia amekwisha zikwa. Sahihi ya leo haiwezi kuongeza chochote, na kifungu cha 20 hakiyapi nguvu mabadiliko yanayofanywa baada ya wosia kutiwa sahihi, isipokuwa yametiwa sahihi na mtoa wosia na kushuhudiwa kama wosia wenyewe. Litakalotokea ni kwamba karatasi yenye kosa la kueleweka itageuka karatasi inayonuka kughushiwa, na kughushi wosia ni kosa ambalo adhabu yake katika Sheria ya Makosa ya Jinai inafika kifungo cha maisha. Msiongeze mshale, msifute, msitoe hata pini zinazoshika kurasa, kwa sababu matundu ya ziada huzaa maswali.

Nimefika kwa mume wako. Kifungu cha 13 kinasema kwamba mali anayoachiwa shahidi aliyetia sahihi, au mume au mke wa shahidi huyo, ni batili, isipokuwa wosia uwe umeshuhudiwa na mashahidi wengine wawili zaidi walio huru. Ninyi mlikuwa na mashahidi wawili tu, na mmoja ni mume wako. Wosia wenyewe hauanguki, na mume wako bado anaweza kutoa ushahidi juu yake. Kinachoanguka ni ploti ya Voi kama zawadi yako. Kaka yako ameishambulia sahihi ya baba bure, na ile ya shemeji yake, iliyokaa mahali pake sawasawa, hakuitazama. Kama naye anaisoma safu hii, basi ameiona.

Ploti hiyo inakwenda wapi? Kama wosia hauna kipengele kinachogawa mali iliyobaki, na kwa maelezo yako hauna, baba atahesabiwa kuwa amefariki bila wosia kuhusu ploti hiyo peke yake (kifungu cha 34), nayo itagawanywa sawa kwa watoto watatu chini ya kifungu cha 38. Lakini hapo kuna kifungu cha 42, ambacho mawakili wengi wa familia hukisahau: mali ambayo marehemu alimpa mtoto enzi za uhai wake au kwa wosia huhesabiwa wakati wa kupima fungu la mtoto huyo katika mali isiyo na wosia. Nichukue thamani za mfano tu. Shamba liwe la shilingi milioni 6, ploti milioni 6, ng'ombe na fedha milioni 3. Jumla ni milioni 15, na fungu la kila mtoto lingekuwa milioni 5. Kaka amekwisha pata milioni 6 kwa wosia, kwa hiyo katika ploti hana cha kudai, nanyi wawili mnagawana mpate milioni 4.5 kila mmoja: wewe milioni 4.5 kutoka katika ploti, mdogo wako milioni 1.5 juu ya zile 3 alizonazo. Hivyo ndivyo ninavyokisoma kifungu hicho. Hakimu asipokitumia, ploti itakatwa mafungu matatu ya milioni 2, nawe utabaki na hizo 2 peke yake.

Tazama basi kaka anapigania nini. Kwa hesabu hii, wosia ukisimama anaondoka na milioni 6, na ukianguka wote anaondoka na milioni 5. Wewe nawe ungepata zaidi wosia ukianguka kuliko ukisimama bila zawadi yako. Thamani halisi zinaweza kuligeuza jambo hili, na ndiyo sababu ninakusihi mpate mthamini wa ardhi kabla ya mtu yeyote kuapa chochote mahakamani. Inawezekana kabisa mnagombana kila mmoja akiwa upande unaomtia hasara.

Una njia mbili za kuikaribia nia ya baba. Ya kwanza ni makubaliano: ndugu watatu, wote watu wazima, wanaweza kukubaliana kwa maandishi kwamba ploti iende kwako kama mzee alivyotaka, na makubaliano hayo yakawekwa mbele ya mahakama wakati wa kuthibitisha ugawaji. Ubatili wa kifungu cha 13 hauwazuii ndugu zako kukupa kilicho chao. Ya pili, wakikataa, ni maombi chini ya kifungu cha 26, kinachoiruhusu mahakama kumtengea mtegemezi fungu la kutosha pale wosia au mgawo wa kisheria, au vyote viwili kwa pamoja, havikumtosheleza. Mtoto wa marehemu anahesabiwa mtegemezi hata kama alikuwa akijitegemea. Hata hivyo, maombi hayo hayapokelewi baada ya hati ya usimamizi (idhini ya mahakama ya kusimamia mali ya marehemu) kuthibitishwa, kwa hiyo usingoje.

Kuna swali jingine ambalo wakili wa kaka hatakosa kuliuliza: nani aliandika maneno ya wosia? Ni wewe, na wewe ni mmoja wa walioachiwa. Hilo si kosa, lakini mahakama ikiona mnufaika ndiye aliyeshika kalamu, tena mumewe akawa shahidi, hutaka kuridhika kwamba mzee aliyajua na kuyakubali yaliyoandikwa, na kwamba hakushurutishwa wala kusumbuliwa. Kifungu cha 5 kinamdhania mtoa wosia kuwa na akili timamu mpaka anayepinga athibitishe vinginevyo, kwa hiyo upande huo huna wasiwasi mkubwa. Tafuta ile rasimu ya mkono na uihifadhi kama ilivyo. Muulize mzee wa kanisa, bila kumtilia maneno mdomoni, kama baba aliusoma wosia au alisomewa kabla ya kutia sahihi. Akikumbuka hivyo, liandikwe katika kiapo chake. Kwa kuwa wewe si mtekelezaji, mwache yeye atangulie kufungua shauri, nawe ukae nyuma.

Shauri lenyewe linaweza kufunguliwa mbele ya Hakimu Mkuu iwapo mali yote haizidi shilingi milioni 20. Wosia halisi, si nakala, huwasilishwa na maombi, tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Kenya, na mwenye pingamizi hupewa siku zisizopungua 30 kulileta. Hati ikitolewa, kwa kawaida uthibitisho wa ugawaji huombwa baada ya miezi 6.

Kuhusu kodi ya vyumba, kaka yako hana mamlaka ya kuikusanya kwa sasa, wala wewe huna, kwa sababu anayeshika mali ya marehemu bila idhini ya sheria anavunja kifungu cha 45 na anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 10,000, au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au vyote viwili, mbali na kuwajibika kurudisha alichochukua. Mwandikieni barua kupitia wakili wa mtekelezaji, mkimtaka atoe hesabu ya alizopokea tangu alipoanza kukusanya na kuzisimamisha zinazofuata, na wapangaji wapewe nakala wajue wa kumlipa mara mahakama itakapomwidhinisha mtekelezaji.